Kigoma hadi Papenburg: tumeifuata Liemba kinyumenyume

Siku ya kwanza, Jumapili: Kigoma

Mabegi ni matano. Mzee, mume wangu, alitaka mawili, mimi nilitaka saba, tukakutana hapo. Moja lina dagaa kilo tatu, unga wa muhogo, na mawese lita mbili niliyoyafunga kwenye mifuko minne ya plastiki, mmoja ndani ya mwingine. Nyama na maziwa nimeacha, maana abiria haruhusiwi kuingia navyo Ulaya. Samaki wakavu wa kula nyumbani wanapita. Binti yetu ni muuguzi Bremen, Ujerumani, na ombi lake lilikuwa moja tu: "Mama, njoo na mawese."

Viza yetu ni ya siku 85. Ya Schengen, yaani ya zile nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, haizidi siku 90 ndani ya siku 180, nasi tumeamua kuzitumia karibu zote, kwa sababu kwa umri wetu safari ya namna hii haifanyiki mara mbili. Watu wametuuliza kwa nini kiinua mgongo, na ekari mbili za michikichi tulizouza, visijenge vyumba vya kupangisha. Wameuliza kwa mapenzi, nami nawajibu kwa mapenzi. Mume wangu alikuwa fundi wa injini kwenye Liemba, meli ya abiria ya Ziwa Tanganyika, tangu 1983 hadi alipostaafu mwaka 2018. Miaka yote hiyo yeye alikuwa wa kwenda, mimi wa kungoja. Nilikuwa nafundisha shule ya msingi, na nyumba yetu iko juu ya bandari. Nikisikia honi ya meli ikirudi kutoka Mpulungu, Zambia, naweka maji ya kuoga motoni. Safari hii tunapanda wote, tunashuka wote.

Na njia hatukuichagua ovyo. Liemba ilijengwa mwaka 1913 katika karakana ya Meyer, mji wa Papenburg, kaskazini-magharibi ya Ujerumani. Ikafunguliwa vipande vipande, ikapakiwa kwenye makasha 5,000, yakaletwa kwa bahari hadi Dar es Salaam na kwa reli kuja Kigoma. Ilishushwa ziwani Februari 1915 ikiitwa Graf von Goetzen. Mzee anataka kuirudia njia hiyo kinyumenyume, kutoka ziwani mpaka ilikozaliwa. Ndiyo sababu alikataa ndege ya Kigoma kwenda Dar.

Asubuhi alinipitisha bandarini. Meli imefungwa gatini, bado inasubiri kurudi kwenye safari zake. Alisimama kidogo, akaizunguka kwa macho, tukaondoka.

Jioni stesheni ilijaa: majirani, wanafunzi wangu wa zamani ambao sasa nao wana wajukuu, na mafundi watatu aliofanya nao kazi. Mmoja wao, mzee wa Kiha mwenye mvi tupu, alimshika mkono kwa mikono miwili akamwambia, "Fundi, ukifika kule waambie bado inaelea." Treni iliondoka giza limeshaingia.

Siku ya pili, Jumatatu: Malagarasi, Tabora, Dodoma

Usiku aliniamsha. "Mwalimu, sikiliza." Sauti ya magurudumu ilikuwa imebadilika, imekuwa na mwangwi chini yake. Tulikuwa juu ya mto Malagarasi.

Mto huu ndio unaoingia ziwani karibu na pale meli ilipozamishwa. Nimeisikia hadithi hiyo mara nyingi mezani kwangu, lakini kuisikia juu ya maji yenyewe, gizani, ni kitu kingine. Yale makasha yalikuja na mafundi wa Papenburg walioijenga meli upya Kigoma. Vita vya Kwanza vya Dunia vikaingia. Julai 1916, Wajerumani wakiwa wanaondoka Kigoma, iliamriwa meli izamishwe isije ikatekwa. Mafundi hao hao wakaizamisha, lakini kabla ya hapo wakazipaka injini grisi nene kila mahali. Ikalala chini ya maji mpaka mwaka 1924 Waingereza walipoiibua, na mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba, jina la zamani la ziwa upande wa kusini. Injini zile za mvuke ziliendelea kuisukuma hadi miaka ya 1970 zilipobadilishwa na za dizeli. Mume wangu hakuzikuta, ila alifundishwa kazi na wazee waliozihudumia.

"Fundi anayeipaka grisi injini anayoizamisha," aliniambia, "anajua kuna fundi mwingine atakuja." Kisha akalala. Mimi usingizi haukurudi.

Kulipokucha kila stesheni ilikuwa soko. Wanawake wanakimbia sambamba na mabehewa na mabeseni kichwani: karanga za kuchemsha, mihogo, ndizi, asali kwenye chupa za maji. Kadiri unavyokaribia Tabora asali inazidi kuwa nyeusi, na nzuri. Nilinunua chupa moja ya kupeleka Bremen, kisha nikakumbuka kwamba asali inahesabika kama kimiminika, basi ikahamia begi la chini pamoja na mawese.

Tabora treni ilikaa muda mrefu, mabehewa yakipangwa upya. Mzee alishuka kwenda kuangalia kichwa cha treni, akarudi na mkono mmoja una grisi. Sikumuuliza. Itigi tukala kuku wa kienyeji kwa mikono, na chumvi ya kunyunyiza. Dodoma tulifika usiku mwingi, mgongo umekaza kama ubao, tukalala nyumba ya wageni karibu na stesheni.

Siku ya tatu, Jumanne: Dodoma hadi Dar es Salaam

Kutoka reli ya zamani hadi ya SGR, reli mpya ya kisasa, ni safari fupi ya bajaji, lakini ni kama umevuka miaka mia moja. Mabegi yanapita kwenye mashine, tiketi ina jina na namba ya kiti, na treni inaondoka kwa dakika iliyoandikwa. Dar hadi Dodoma ilifunguliwa kwa abiria mwaka 2024. Inatumia umeme na inafika kilomita 160 kwa saa. Reli tuliyokuja nayo ina upana wa milimita 1,000. Hii ni 1,435. Mzee aliinama ukingoni mwa jukwaa kuitazama mpaka mlinzi akamwomba arudi nyuma ya mstari.

"Hii ndiyo geji ya Ulaya," alisema tulipokaa. "Tukifika huko tutakuwa tunaendelea na reli hii hii."

Kilosa tulipita mahandakini, giza, mwanga, giza. Nilikumbuka mwaka nilipokwama Gulwe siku mbili na watoto wawili wadogo, mto umekula tuta la reli, tukila biskuti na maji ya kuchemsha. Leo sehemu zile nimezipita nikiwa na kikombe cha chai mkononi, na chai haikumwagika. Nilitamani wanangu wangekuwa karibu niwaonyeshe. Kwa safari isiyofika saa nne tulikuwa Dar.

Siku ya nne na ya tano: Dar es Salaam

Tumefikia kwa mdogo wangu, Temeke. Nitaandika machache, kwa kuwa siku hizi mbili zilikwenda kwenye foleni na duka la dawa.

Kwa wastaafu wenzetu wanaofikiria safari kama hii, haya ndiyo yaliyotusaidia. Dawa zote za presha za mzee ziko kwenye begi la mkononi, kwenye maboksi yake ya asili, na barua ya daktari kwa Kiingereza. Kadi za homa ya manjano zimo pamoja na pasipoti. Bima ya safari, ambayo kwa viza ya Schengen lazima ifikie angalau euro 30,000, tumeichapisha nakala mbili, kwa sababu simu inaweza kuzima pale pale unapoihitaji. Na tumenunua soksi za kubana miguu, kwa ushauri wa binti yetu, maana kukaa saa nyingi bila kunyoosha miguu kunaweza kugandisha damu kwenye mishipa, na umri wetu unaongeza hatari hiyo.

Jioni ya Jumatano mzee alitaka kuiona bandari. Tulisimama upande wa Kigamboni baada ya kushuka kwenye kivuko, tukaangalia meli zenye makontena zikiingia. Yale makasha yalishushiwa bandari hii hii. Alihesabu kwa sauti: behewa moja lingebeba makasha mangapi, treni ngapi hadi Kigoma. Mdogo wangu alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Shemeji, hebu tule."

Alhamisi usiku, uwanja wa ndege. Mzee alikuwa na kitu mfukoni ambacho hakunieleza. Mashine ililia. Akatoa ribiti ya chuma, ile kama msumari mnene usio na ncha unaoshika bati kwa bati kwenye meli za zamani. Ilitolewa Liemba wakati bati moja lilipobadilishwa, akaiweka. Kijana wa ukaguzi aliigeuza geuza, akamwita mwenzake. Mzee akawaeleza kwa utulivu ni nini na imetoka wapi. Yule wa pili akauliza, "Liemba ya Kigoma? Bibi yangu wa Kipili alikuwa anapanda hiyo." Wakamrudishia. Kipili haikuwa na gati enzi hizo, abiria walishukia kwenye mitumbwi katikati ya maji. Huyo bibi yake alikuwa mwanamke hodari.

Siku ya sita, Ijumaa: angani, Schiphol, na treni tatu

Ndege iliruka karibu na saa sita usiku, moja kwa moja hadi Amsterdam, saa tisa hivi. Nilikaa dirishani. Kila baada ya muda mzee alinigusa bega tuinuke, tutembee hadi nyuma na kurudi. Alfajiri tuliswali tumekaa vitini, kila mtu kwa kadiri alivyoweza. Msafiri amepewa wepesi wake, na sijawahi kuuhisi wepesi huo kama nilivyouhisi pale juu.

Schiphol, uwanja wa ndege wa Amsterdam, nilikuwa nimeiogopa kwa miezi miwili. Si kwa sababu ya ukubwa wake. Ilikuwa kwa sababu ya vidole vya mume wangu. Tulipokwenda Dar kuomba viza, mashine ya alama za vidole ilikataa vyake. Miaka 35 ya sabuni ya unga, dizeli na brashi ya chuma imevisugua mpaka mistari imekaribia kufutika. Walirudia mara nyingi, wakampa kitambaa chenye unyevu, wakarudia tena. Dada aliyekuwa akimhudumia hakukasirika hata mara moja, na mwisho vikapita. Lakini nilijua mpakani wataviuliza tena.

Wakaviuliza. Askari wa uhamiaji alikuwa kijana mrefu. Mzee aliweka vidole kwenye kioo, taa nyekundu. Tena, nyekundu. Nikawa nimeshika bahasha yetu yenye kila kitu: tiketi ya kurudi, bima, barua ya dhamana ya binti yetu, mahali pa kulala. Yule kijana akauliza kwa Kiingereza, "Ulikuwa unafanya kazi gani?" Mume wangu akajibu, "Fundi wa meli." Kijana akatazama mikono yake, akaonyesha apulize pumzi ya joto kwenye vidole, kama mtu anayesafisha miwani. Taa ikawa kijani. Akatuuliza tunakwenda wapi kwanza, mzee akasema Papenburg, na muhuri ukagongwa. Viza moja, na nchi 29 ziko wazi mbele yetu. Nilikaa kwenye kiti cha kwanza nilichokiona, nikalia kidogo, nikanywa maji.

Stesheni ya treni iko chini ya uwanja wenyewe. Tulipanda hadi Amersfoort, kutoka hapo treni iendayo Berlin mpaka Rheine, tayari Ujerumani. Uholanzi ni tambarare kuliko nilivyoweza kuwaza: mtu aliyekulia kwenye vilima vya Kigoma macho yake hayapati pa kupumzika. Mifereji, ng'ombe, mifereji tena. Mpaka wa nchi mbili tuliupita bila kuuona. Nilikuwa namenya chungwa.

Rheine tulikosa treni ya tatu. Kosa ni letu: mabegi matano, lifti tuliitafuta upande usio wake, na tulipofika jukwaani mkia wa treni ulikuwa unaondoka. Kijana mmoja na mwenzake walituona tumesimama, wakatubebea mabegi mawili mawili hadi kwenye benchi, wakatuonyesha kwenye ubao kwamba nyingine itakuja baada ya saa moja. Mzee hakukasirika. Alikwenda kutazama reli. Milimita 1,435.

Treni hiyo ya mwisho inafuata mto Ems kuelekea kaskazini: Lingen, Meppen, na vistesheni vidogo nilivyoviandika kwenye daftari na kushindwa kuvitamka. Binti yetu alikuwa jukwaani Papenburg, amekuja kutoka Bremen baada ya zamu. Alipiga goti pale pale, mbele ya watu, "Shikamoo baba, shikamoo mama." Miaka minne.

Nilitaka kuandika tulifika saa ngapi, nikakwama. Kwetu saa zetu zinashikana na jua: likizama, ni karibu na saa moja, kila siku ya Mungu. Hapa mwezi huu wa Mei, saa tatu usiku, jua bado liko juu ya paa. Tulisubiri magharibi huku tukisinzia, mpaka karibu saa nne.

Siku ya saba, Jumamosi: Papenburg

Mji huu ulianzia kwenye mifereji iliyochimbwa ili kukausha ardhi na kusafirisha udongo mweusi unaokaushwa na kuchomwa kama kuni. Ulianzishwa mwaka 1631. Mifereji ingali inapita mbele ya nyumba, na meli za matanga za mfano wa kale zimefungwa humo, moja mbele ya ukumbi wa mji. Watu wanapita na baiskeli. Kimya sana. Nilimwuliza mzee, meli ya Ziwa Tanganyika ilitokaje mahali padogo namna hii? Akasema subiri.

Karakana ya Meyer imekuwepo tangu 1795. Miaka ya 1970 ilihamia nje ya mji, kwenye nafasi kubwa zaidi. Huko unakwenda kwa ziara ya kuongozwa, na binti yetu alikuwa ameshalipia. Jumba kubwa la kujengea lina urefu wa mita 504 na kimo cha mita 75. Ndani yake mlikuwa na meli ya watalii, ghorofa juu ya ghorofa, mafundi wakionekana kama siafu. Liemba ina urefu wa mita 71 na ushei. "Zingelala saba humu, mstari mmoja," mzee alisema, na hakukuwa na unyonge katika sauti yake. Mama aliyetuongoza alieleza kwamba meli zikikamilika huteremshwa mto Ems hadi baharini zikitangulizwa nyuma, kinyumenyume, kwa sababu hivyo ndivyo zinavyoongozeka vizuri kwenye mto mwembamba. Binti yetu alipotafsiri hilo, mzee alinitazama.

Mwisho wa ziara mama yule aliuliza tunatoka wapi. Tulipotaja Kigoma alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Goetzen." Anaijua. Watu wawili watatu waliokuwa kwenye kundi wakasogea. Wakamwomba mume wangu aeleze, naye ambaye si mtu wa maneno akaeleza kwa nusu saa, binti akifuatisha.

Hakuanza na vita wala Wajerumani. Alianza na Mei 2015, Kagunga, mpakani mwa Burundi. Maelfu kwa maelfu ya watu waliokimbia, kwenye ufukwe mwembamba, mlima nyuma yao, kipindupindu kimeshaingia. Njia ya gari hakuna. Liemba ilikaa majini, mitumbwi ikileta watu ubavuni, mama kwanza anapitisha mtoto, ndipo yeye anapanda. Watu 600 kwa safari, Kigoma, kurudi, tena. Yeye alikuwa chini kwenye injini. Alisema hakuwaona nyuso, alisikia miguu tu juu ya kichwa chake, na alijua wamejaa kwa jinsi meli ilivyokaa majini. Alisema usiku ule alikuwa akiomba pampu moja tu isife, na haikufa. Mimi ni mke wake. Kagunga alikuwa amenitajia. Pampu na ile miguu sikuwahi kuvisikia.

Kisha akasema, "Wazee wenzangu wamenituma niwaambie bado inaelea." Binti yetu alishindwa kutafsiri mara ya kwanza, sauti ilimkatika. Akarudia.

Mchana tulikwenda karakana ya zamani, mjini, pale Liemba ilipojengwa. Majengo ya matofali mekundu yamebaki; sasa ni hoteli na kumbi, na vyuma vya kazi vya zamani vimeachwa mahali pake. Mzee alitembea taratibu, akaweka kiganja kwenye chuma kimoja, kisha kingine. Alitoa ribiti mfukoni, akaishika. Binti akamwuliza kama anataka kuiacha hapa.

"Hapana," alisema. "Hii ni ya meli. Nimeileta ione kwao."

Akairudisha mfukoni, akaniomba chai. Kesho saa nne asubuhi tunapanda treni kwenda Bremen, na wiki ijayo Hamburg, bandari kubwa. Mawese yamefika salama, hata tone halikumwagika. Asali ndiyo iliyovuja, na shati lake la kitenge linanukia Tabora.